Jiwe Linang'aa, Mguu Umeoza

Rodi ya mjomba ya kuvulia samaki ilifika Arusha kwa basi la Tanga, imeviringishwa turubai na kufungwa kamba ya katani, na kondakta akanidai hela ya mzigo kana kwamba nimesafirisha nguzo ya umeme. Nikaipeleka moja kwa moja karakanani kwetu tunakokatia vito, nikailaza chini ya taa ileile tunayokagulia tanzanaiti.

Mjomba alikuwa amelalamikia pete ya tatu kutoka nchani, moja ya zile pete zinazopitisha mshipi. "Inacheza, mwanangu. Samaki akivuta naisikia inagonga."

Nikaweka lupu jichoni, ile lenzi ndogo ya kukuzia. Jiwe la ndani ya pete halikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nilizungusha kipande cha pamba ndani yake, maana jiwe lenye ufa hunasa nyuzi za pamba hata pale jicho lisipoona kitu. Pamba ilitoka safi. Msimu baada ya msimu nguru na jodari wamevutwa kupitia hapo, na jiwe bado linameta.

Kisha nikabonyeza fremu, chuma kinacholishika jiwe, kwa kidole gumba, na mguu wake unaofungwa kwenye rodi ukakatika.

Haukupinda hata kidogo. Ulikatika, ukamwaga unga wa kahawia mezani.

Kufunga pete za rodi si kazi iliyonileta mjini. Naifanya jioni, kwa ndugu na marafiki wa ndugu walioko Pangani na Tanga. Lakini mguu ule uliniganda kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu kila ninayezungumza naye kuhusu pete za rodi za baharini huanza na jiwe, na mara nyingi humalizia hapohapo.

Sisi watu wa mawe

Ukikulia kwenye biashara ya vito, swali la kwanza unalofundishwa kuuliza ni ugumu. Tanzanaiti iko kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs, ndiyo maana tunamwonya mteja asifanye nayo kazi za jikoni. Rubi na safaya ni 9. Almasi ni 10.

Sasa angalia ndani ya pete ya rodi. Jiwe la kawaida, lile la bei ya kati, ni oksidi ya alumini. Hiyo ndiyo rubi na safaya, ila bila rangi ya kuuzia na bila ukubwa wa fuwele. Jiwe la bei ya juu ni silikoni kabaidi, ambayo sisi tunaijua vizuri zaidi kwenye msasa mweusi. Mmarekani Edward Acheson aliitengeneza mwaka 1891. Miaka miwili baadaye Mfaransa Henri Moissan akakuta chembe zake kwenye kimondo kilichoanguka Arizona, na leo fuwele yake safi inauzwa kwa jina la moisanaiti.

Dalali yeyote wa Arusha anaijua moisanaiti. Ni lile jiwe linalodanganya kipima almasi cha bei rahisi. Kipima kile husoma jinsi joto linavyosafiri ndani ya jiwe, na moisanaiti husafirisha joto vizuri kiasi cha kukubaliwa kuwa almasi. Kuna watu wamelia kwa sababu hiyo.

Tabia hiyohiyo iliyowaliza watu sokoni ndiyo inayopendwa baharini. Samaki mkubwa akikimbia, mshipi hupita juu ya jiwe kwa kasi ukiwa umekazwa, na msuguano huzaa joto. Nailoni huyeyuka kwenye nyuzijoto 220 hivi. Uzi wa kusuka, ule mwembamba wa polithini ngumu wanaouita Dyneema au Spectra, huyeyuka mapema zaidi, karibu na 145. Silikoni kabaidi hulinyonya joto na kulisambaza mara kadhaa kuliko oksidi ya alumini, kwa hiyo mshipi unapata nafuu pale unapogusa.

Nilipofika hapo kwenye kufikiri, mkono ulikuwa umeshaanza kuandika oda ya silikoni kabaidi kwa rodi nzima.

Kilichonizuia ni ule unga wa kahawia. Bado ulikuwa mezani.

Uliza mshipi kwanza

Nikampigia. Shikamoo, marahaba, habari za Pangani, habari za baridi ya huko kwenu. Kisha: mjomba, siku hizi unatumia mshipi gani?

"Nailoni. Ileile nene. Huo uzi wenu wa kusuka unanikata vidole."

Basi nusu ya hoja ya joto imekwisha. Kwa nailoni nene inayovutwa nyuma ya boti, huku wageni wakirambaza nguru na mara mojamoja sulisuli, jiwe la oksidi ya alumini linatosha, na mawe ya daraja la kati yaliyoboreshwa, mfano yale ambayo kampuni ya Fuji ya Japani inayaita Alconite, yanatosha na kubaki. Silikoni kabaidi ningeipeleka kwa mtu wa uzi wa kusuka, anayerusha chambo cha bati na kukivuta kwa nguvu kutafuta kolekole. Na hata kwake ningeanza na pete ya kwanza karibu na rili, gurudumu la kukunjia mshipi, na ile ya nchani, ambazo ndizo zinazosuguliwa zaidi, kabla ya kumwambia alipie zote.

Kuna jambo moja kuhusu mikwaruzo ambalo nadhani wavuvi wengi wanalitazama kinyume. Mshipi peke yake ni laini. Chumvi nayo ni laini, haifiki hata 3 kwa Mohs. Mchanga mweupe wa matumbawe, kama ule wa kisiwa cha Maziwe, uko karibu na 4, hauwezi kumtisha mtu mwenye pete ya stenlesi. (Maziwe ni hifadhi ya bahari, msiende kuvua huko mkasema mimi ndiye niliyewatuma.) Mchanga unaotia mifereji kwenye pete ya chuma kitupu ni ule wenye madini ya kwatzi, ambayo ni 7, na mto Pangani unaumwaga pale mdomoni kila mvua ikinyesha. Mshipi uliolowa unaubeba hadi kwenye pete, na uzi wa kusuka unabeba zaidi kwa sababu una mianya ya kuuhifadhi.

Kwatzi inakwaruza stenlesi. Haikwaruzi 9.

Kwa hiyo kwenye jiwe hakukuwa na mgogoro wowote. Jiwe la bei ya kati lilishashinda vita vyake. Aliyekufa ni mguu, na mguu hauna jiwe.

Sumaku haisemi

Fremu za pete za baharini huja za namna tatu: shaba ya njano, kama ya bomba la maji, iliyopakwa kromi, stenlesi, na titani. Ya kwanza inapendeza sana dukani. Kromi ikishachubuka, chumvi inaingia chini yake na kuibandua kidogokidogo, na kutu yake ni ya kijani. Unga wangu ulikuwa wa kahawia, basi si hiyo.

Stenlesi nayo ina ndugu wengi. Ile ya kawaida, 304, ina kromi asilimia 18 na nikeli 8 hivi. Ya 316 imeongezewa molibdeni asilimia 2 hadi 3, na hiyo molibdeni ndiyo inayoisaidia kustahimili chumvi. Duniani kote, vifaa vya boti vikitajwa, 316 hutajwa kwanza.

Jirani yangu mmoja, mchomeleaji wa mtaa wa Unga Limited, akanipa sumaku. "Stenlesi halisi haishiki," akasema kwa uhakika wote.

Ilishika, kidogo. Akatikisa kichwa, akaniambia mjomba wako ameuziwa bati.

Sikuridhika. 304 ikitoka kiwandani ikiwa bamba, kweli sumaku huiacha. Lakini ukiikunja na kuigonga ikiwa baridi, sehemu ya muundo wake wa ndani hubadilika, na sumaku inaanza kuipenda. Fremu ya pete imekatwa kwa mashine, ikakunjwa, ikabonyezwa. Itashika kidogo hata kama haina kosa lolote. Wakati huohuo ile shaba iliyopakwa kromi haishiki kabisa, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Ukinunua pete kwa kufuata sumaku unaweza kuikimbia stenlesi na kuikumbatia shaba.

Sumaku ikishika kwa nguvu, hapo ndipo pa kushtuka. Hiyo ya kushika kidogo haikuniambia kitu.

Pasipo hewa

Stenlesi ina chuma tele ndani yake. Inachojivunia ni ngozi nyembamba ya oksidi ya kromi, ambayo jicho halioni. Ikikwaruzwa, oksijeni ya hewani au ya ndani ya maji huijenga upya papo hapo. Ndiyo maana sehemu ya fremu iliyo wazi, inayopigwa na upepo na jua, hukaa miaka.

Mguu wa pete hauko wazi. Umelala kwenye rodi, umezungushiwa uzi, juu ya uzi kuna epoksi, gundi inayokauka ikawa ngumu. Epoksi ikipata ufa, na pale nyuma ya mguu ndipo inapopasuka kwanza kwa sababu rodi inajipinda na chuma hakitaki, maji ya bahari yanaingia kwa kunyonywa. Maji hayo yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo. Yakishaingia hayatoki. Oksijeni iliyomo inaisha, ngozi haijengeki tena, kloridi za ile chumvi zinakusanyika, maji yanageuka kuwa na asidi, na mguu unaliwa gizani huku fremu ya juu ikiendelea kung'aa.

Nilipokuwa nasoma kuhusu hilo nilisema basi, jibu limepatikana: 316, au titani kabisa. Titani haina shida hiyo kwenye maji ya bahari ya joto la kwetu, na uzito wake ni zaidi kidogo tu ya nusu ya stenlesi. Inagharimu, lakini mjomba anaishi kwa rodi hii.

Nilifikiria pia kuhusu rodi yenyewe. Rodi za nyuzi za kaboni hupitisha umeme, na chuma kikigusana na kaboni ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinachoumia, alumini hasa. Lakini ya mjomba ni ya faibaglasi, nzito, ya zamani, na faibaglasi haina neno na umeme. Nikaifuta hiyo.

Ingeishia hapo, kama nisingekata uzi wa pete zote.

Pete moja iliyopona

Rodi ile ilishawahi kufungwa upya huko pwani, zamani, na fundi ambaye mjomba hamkumbuki vizuri. Pete zote zilifungwa siku moja, isipokuwa moja ya karibu na rili, ambayo mjomba aliifunga mwenyewe baadaye kwa uzi wa kushonea nyavu na gundi aliyoipata. Kazi mbaya kuitazama. Gundi imejaa mapovu, uzi umepandana.

Miguu ya pete hiyo ilikuwa safi. Ina doa hafifu la manjano, ukilisugua linatoka.

Muundo wa pete ni uleule, na alama iliyopigwa kwenye fremu ni ileile. Bahari ni moja, na mkono unaoiosha ni mmoja.

Nilikaa na hilo siku nyingi kuliko jambo lingine lolote kwenye rodi hii. Kama tatizo ni 304, ambayo nilishadhani ndiyo chuma cha pete hizi, mbona hii imepona? Kama ni maji kunaswa chini ya uzi, kazi ya mjomba inanasa maji kuliko ya fundi.

Lupu ndiyo iliyonionyesha. Miguu iliyooza ilikuwa imenolewa.

Mtu yeyote anayefunga pete hunoa ncha za miguu. Mguu ukitoka kiwandani una ukingo mnene, na uzi ukipanda pale unaacha pengo, kwa hiyo unaupunguza uwe mwembamba ili uzi upande bila kuruka. Ni kazi ya lazima. Fundi yule aliifanya kwa mashine ya kusagia, mistari ya jiwe bado inaonekana, na kutu imeanzia ndani ya mistari hiyo. Mjomba hakunoa kitu. Alifunga hivyohivyo.

Jiwe la mashine ya kusagia, kwenye karakana ya kawaida, jana limenoa panga na juzi limelainisha kona ya geti. Limejaa chembe za chuma cha kawaida. Ukilisukumia stenlesi, linazipachika chembe hizo juu yake, na kila chembe ikikutana na chumvi inaota kutu na kuvunja ile ngozi chini yake. Watu wa viwanda vya stenlesi wanalijua hili hadi wanatenga mawe, brashi na tupa zisizogusa chuma kingine. Pia wanaiosha stenlesi iliyokwisha kusagwa kwa asidi ya sitriki, ile iliyomo kwenye ndimu, ili iondoe chembe hizo na kuacha kromi ijijengee ngozi.

Kwa hiyo fremu ya 316 iliyonolewa kwenye jiwe lililonoa panga ingeweza kuoza palepale. Ingechelewa labda. Titani nayo ingehitaji kunolewa, na hapo angalau ngozi yake ni sugu zaidi.

Niseme ninavyoona: kwenye pete za baharini, watu wa kwetu wanalipia jiwe, wachache wanalipia fremu, na hakuna anayeuliza mguu umenolewa kwa kifaa gani. Mimi leo ningenunua jiwe la kati, fremu ya 316, na kumlipa fundi kwa muda wake.

Maji ya kuoshea

Kuna sehemu ambayo siwezi kuifunga kwa uzi. Mjomba anaosha rodi kila jioni, hilo nalijua, nimemwona. Anaiosha kwa maji ya kisima, na maji ya kisima chake ukiyaonja yana chumvi.

Kule chini Pangani chumvi inapanda mtoni, kwa sababu maji baridi yanayoshuka yamepungua kuisukuma. Yanatoka huku kwetu. Themi inayopita katikati ya Arusha inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inaingia Nyumba ya Mungu, na Nyumba ya Mungu ndiyo inayoshusha mto Pangani hadi baharini. Njiani kuna mifereji ya mashamba na mitambo ya umeme. Mjomba hupenda kunitania kwamba tunakunywa maji yake. Sijawahi kupata jibu zuri la kumpa.

Maji ya kisima chake bado ni afadhali mara nyingi kuliko ya bahari, kwa hiyo aendelee. Nilichomwomba ni kumalizia kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya mvua, akipitishe hasa pale uzi unapokutana na mguu, kisha aiweke rodi mahali penye upepo. Asiifunge kwenye mfuko ikiwa bichi. Aliniuliza kama napendekeza aiimbie pia.

Kuhusu rola

Anataka rola. Ameziona kwenye boti za wageni wanaofuata sulisuli kwenye mkondo wa Pemba: pete zenye magurudumu badala ya jiwe, mshipi unazunguka bila kusuguliwa.

Kwa rodi nzito za kurambazia na nailoni nene, rola ni kitu kizuri, sitaki kukataa. Lakini kila rola ina ekseli au beringi, na kila beringi ni mwanya mwingine wa chumvi kujificha. Inatakiwa ifunguliwe, ioshwe, itiwe mafuta. Ikigoma kuzunguka, mshipi unaburuzwa juu ya chuma kitupu kilichosimama, na hapo jiwe la bei ya kati lingekuwa bora mara kumi. Na siku akibadilisha mawazo kuhusu uzi wa kusuka, uzi mwembamba unaweza kuteleza ukaingia pembeni ya gurudumu.

Nilimwambia rola ni za mtu mwenye baharia wa kuzihudumia. Akasema yeye ndiye baharia.

Nilichofunga

Pete za stenlesi ya 316, miguu miwili kila moja, jiwe la oksidi ya alumini lililoboreshwa. Miguu nimeinoa kwa tupa mpya ambayo haijawahi kugusa chuma kingine, nikamalizia kwa msasa wa silikoni kabaidi, ule tunaolainishia mawe, namba ndogo hadi kubwa mpaka mistari ikaisha. Nikailoweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye unga wa sitriki, nikaisuuza sana, nikaikausha. Nafasi kati ya pete sikuzipima kwa kitabu: nilifunga pete kwa muda kwa vipande vya raba, nikapitisha mshipi, nikaninginiza ndoo ya mchanga nchani na kusogeza pete hadi mshipi uliponyooka bila kugusa mgongo wa rodi popote. Rili yake inakaa juu, kwa hiyo hilo la kugusa mgongo si la kupuuza.

Uzi ni wa nailoni. Epoksi nimepaka mara mbili, ya kwanza nyepesi ili izame hadi kwenye mguu, na rodi ilizungushwa polepole usiku mzima ili isidondoke upande mmoja. Kijana wa karakana alidhani nimeanza kuchoma mbuzi. Pale nyuma ya mguu, ambapo nilisema ufa huanzia, nimeacha epoksi iwe nyembamba na kuongeza mizunguko ya uzi kupita mwisho wa chuma, ili mahali panapojipinda pawe na uzi mwingi na gundi kidogo.

Imebaki ncha. Ile ya zamani tundu lake ni dogo kwa fundo analofunga kati ya mshipi na waya wa nguru, nimeagiza kubwa zaidi, ya jiwe, na mtu wa kuileta kutoka Nairobi ameahirisha safari. Mjomba ametuma ujumbe wa sauti: kaskazi ikianza na rodi haijafika atavua kwa mshipi wa mkono, na nguru wote atawauza feri bila kuninyima salamu, ila samaki nisahau.